Filamu ya Pili Ipimwe kwa Mzani Gani?

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo huthibitika katika nguo, katika vyombo vya nyumbani na hata katika urafiki, lakini katika sinema mambo hugeuka kinyume. Filamu iliyopendwa na watu inapotolewa ya pili yake, mtazamaji huketi mbele ya televisheni akiwa tayari amekunja uso. Nyimbo za ile ya kwanza anazijua kwa ghibu. Aliicheka pamoja na watu ambao wengine wao hawako tena duniani. Na kwa hiyo ile mpya, kabla haijatamka neno, imekwisha kuhukumiwa. Kosa lake ni moja tu, nalo ni kwamba si ile ya zamani.

Leo nataka tulizungumze jambo hili kwa mfano wa filamu mbili za Kimarekani ambazo familia nyingi za kambini zinazifahamu, zile za mama mcheshi Whoopi Goldberg akiwa amevaa nguo za mtawa. Ya kwanza inaitwa Sister Act, nayo ilitoka mwaka 1992. Ya pili, Sister Act 2: Back in the Habit, ilitoka mwezi wa Desemba mwaka 1993. Jina hilo la pili lina mchezo wa maneno ndani yake, kwa sababu neno lake la mwisho kwa Kiingereza huweza kuwa na maana ya vazi la mtawa, na pia huweza kuwa na maana ya mazoea. Yamkini waliolichagua walitaka kuchekesha tu, lakini wametuachia swali zuri. Je, mama yule alilirudia vazi kwa sababu palikuwa na kazi iliyomngoja, au alilirudia kwa mazoea, kwa vile mara ya kwanza alishangiliwa?

Nyumbani kwetu swali hili limeleta mabishano si haba. Baba watoto ni askari wa polisi, na kwake yeye filamu ni ile ya kwanza. Ya pili huiita makombo ya karamu. Watoto nao huomba ya pili, hasa binti yetu mkubwa aliye darasa la sita, ambaye huimba katika kwaya ya kanisa la kambi. Mimi, kwa kuwa nilisomea ualimu na kufundisha kabla ya kuingia kazi ya ofisini, hutakiwa niwe mwamuzi. Mwamuzi hana budi kutoa sababu za hukumu yake, basi nimeona afadhali niziandike hapa, maana naamini nyumba zenye mabishano kama yetu ni nyingi.

Tuanze na ya kwanza, tuitendee haki. Deloris Van Cartier ni mwimbaji wa klabu ya usiku katika mji wa Reno, jimbo la Nevada, ambao ni mji wa kamari na taa zisizozimwa. Siku moja anamkuta mpenzi wake, jambazi Vince LaRocca, akiamuru mtu auawe. Deloris anakimbilia polisi. Luteni wa polisi Eddie Souther anatambua mara moja kwamba mwanamke huyo ndiye kesi yenyewe. Shahidi akifa, na kesi imekufa. Basi anamficha mahali ambapo jambazi hatafikiri kumtafuta, yaani katika nyumba ya watawa mjini San Francisco, na huko anapewa jina la Sista Mary Clarence.

Baba watoto huipenda filamu hii kwa sababu ambayo raia wengi hawaitambui. Watu hucheka kumwona mwimbaji wa klabu akiamshwa alfajiri kusali, lakini askari anaona kazi ya kumlinda shahidi, na anaona pia jinsi kazi hiyo inavyoharibika. Siri ya maficho haivujishwi na watawa, wala haivujishwi na Deloris mwenyewe. Inauzwa na mpelelezi mmoja wa ofisi ileile ya Luteni, aliyenunuliwa na genge. Mume wangu husema kwamba filamu nyingi zilizojaa risasi hazina funzo la kazi lililo sawa na hilo moja, kwamba adui wa shahidi aghalabu huketi meza ya pili kutoka kwako.

Uzuri mkubwa wa filamu hii ni kwamba kila jambo ndani yake lina sababu. Deloris halivai lile vazi ili tumcheke, bali ni ngao yake, akilivua atauawa. Kwa hiyo hata tunapocheka, mioyo yetu ina wasiwasi, na wasiwasi huo ndio unaokitia kicheko chumvi. Mama Mkuu wa watawa naye, aliyechezwa na Maggie Smith, yule mcheza sinema mashuhuri wa Uingereza aliyefariki mwaka 2024, hakuwekwa pale awe mkorofi tu. Anayo hoja yake. Mtaa umeharibika, kuta za nyumba yake zimekuwa kinga ya watawa wake, na sasa ameletewa mgeni anayetaka kuifungua milango. Mtazamaji mwenye busara huwaona wote wawili kuwa na haki, kila mmoja kwa upande wake. Mchezo wenye watu wawili wenye haki hauchoshi hata ukitazamwa mara kumi.

Kisha kuna kwaya. Watawa wanaimba vibaya mno, mpaka kanisa limebaki na waumini wachache. Deloris anapewa kuisimamia kwaya hiyo, naye anaipanga sauti kwa sauti kama mtu apangaye gwaride. Sista kijana aliyekuwa akinong'ona anagunduliwa kuwa na sauti kubwa ya ajabu. Jumapili inapofika wanaanza kuimba wimbo wa Bikira Maria taratibu, kwa namna ya kale. Halafu ghafla mapigo yanabadilika, makofi yanaingia, na vijana waliokuwa wakipita barabarani wanasimama, wanasikiliza, mwishowe wanaingia kanisani.

Hapo ndipo ninapoomba msomaji aangalie kwa makini, kwa maana mzani wangu wote unatoka hapo. Nyimbo zilizoipa filamu hii jina hazikuwa mpya hata kidogo. Ule wanaomwimbia Baba Mtakatifu mwishoni, I Will Follow Him, uliimbwa mwaka 1963 na msichana wa miaka 15 aitwaye Little Peggy March, nao ulikuwa wimbo wa mapenzi wa msichana anayeapa kumfuata kijana wake popote aendako. Mwingine, My Guy, ulikuwa wa Mary Wells mwaka 1964, nao vilevile ni wa msichana anayemsifu mpenzi wake. Watawa wanabadili neno la kumtaja kijana na kuweka jina la Mungu. Sauti ni ileile, lakini anayeimbiwa amekuwa mwingine, na maneno ya mapenzi ya ujana yamekuwa sala.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba hata hii tunayoiita ya asili, hii tunayoilinda kama mboni ya jicho, ilijengwa kwa vitu vya pili. Ilichukua nyimbo zilizopendwa na watu wa zamani, ikazihifadhi sauti zake, ikazipa mtu mpya wa kuimbiwa. Ikiwa hivyo ndivyo, filamu ya pili haifai kuulizwa kama inafanana na ya kwanza, wala kama ni mpya kabisa. Yafaa iulizwe kama imeifanyia filamu ya kwanza yale ambayo filamu ya kwanza ilizifanyia nyimbo za kale. Je, imeihifadhi sauti na kumpata mtu mwingine wa kuimbiwa?

Nasema hivi nikijua uzito wa kumbukumbu. Mimi niliiona Sister Act nikiwa na umri wa miaka kumi hivi, kwa kanda ya video, katika kimojawapo cha vile vibanda vya hapa Uganda ambamo msimulizi huketi na kipaza sauti akiyatafsiri maneno papo hapo na kuongeza mizaha yake. Msimulizi wetu alikuwa hodari wa kusema, asiyenyamaza hata watu wanapobusiana. Lakini zilipofika nyimbo alinyamaza, na kibanda kizima kikanyamaza pamoja naye. Hakuna filamu ya pili duniani inayoweza kuushinda ukimya ule, na si haki kuitaka iushinde. Ukimya ule ni mali yangu na ya utoto wangu, haumo katika kanda. Mhakiki wa haki hana budi kuutoa kwanza katika mzani, kama muuza nyama atoavyo uzito wa sahani kabla ya kupima nyama.

Sasa tuitazame ya pili. Deloris amekuwa mwimbaji mashuhuri katika jiji la Las Vegas. Watawa rafiki zake wanamjia kumwomba msaada, kwa kuwa wanafundisha shule ya sekondari ya Mtakatifu Francis mjini San Francisco, wanafunzi wamewashinda, na msimamizi wa shule anataka ifungwe. Deloris analivaa tena vazi, anakuwa tena Sista Mary Clarence, na anakabidhiwa darasa la muziki.

Makosa ya filamu hii hayafichiki, wala sitayaficha. La kwanza ni vazi lenyewe. Katika filamu ya kwanza vazi liliokoa maisha. Katika ya pili hakuna jambazi, hakuna risasi, na kinachofichwa ni kwamba mwalimu wa muziki ni mwimbaji wa klabu. Siri hiyo ikifichuka atapata aibu, lakini hatakufa. Basi ule wasiwasi uliokitia kicheko chumvi haupo, na vicheko vingi vya saa ya kwanza vinakuwa kama chai iliyochemshwa kwa majani ya jana. Kosa la pili ni kwamba Mama Mkuu hana tena hoja ya kushikilia. Maggie Smith yumo, lakini amepewa kazi ndogo ya kutabasamu na kuhimiza. La tatu ni yule msimamizi, anayechezwa na James Coburn. Anataka kuifunga shule apate kustaafu mapema, basi. Mtu asiye na haki hata chembe hawezi kuubeba mchezo, na mbio za mapadre kumzuia asiharibu mambo zinapoteza muda mwingi.

Wahakiki wa Marekani waliyaona hayo, nao hawakuionea huruma. Watu nao walipiga kura kwa mifuko yao. Filamu ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 139 katika majumba ya sinema ya Marekani. Ya pili iliingiza kiasi cha dola milioni 57. Kati ya hizo mbili ilipita miezi kumi na minane tu, na haraka hiyo inaonekana. Mwongozaji wa kwanza, Emile Ardolino, hakuiongoza ya pili. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka 1993, wiki chache kabla haijatoka. Aliyeiongoza ni Bill Duke. Askari wetu wanaopenda filamu za vita watamkumbuka mtu huyu kwa sura, kwa kuwa ndiye yule mrefu mwenye kipara aliyecheza katika Commando ya mwaka 1985 na katika Predator ya mwaka 1987.

Kama hukumu ingeishia hapo, Baba watoto angekuwa ameshinda kesi. Lakini haiishii hapo, kwa sababu katikati ya filamu hiyo ya pili kuna jambo ambalo halimo hata kidogo katika ya kwanza, nalo ni darasa.

Watawa wa filamu ya kwanza walikuwa watu wazima waliotaka kuimba vizuri wakakosa wa kuwaongoza. Wanafunzi wa filamu ya pili hawataki. Wamelichagua somo la muziki kwa sababu ni mahali pa kupumzikia, penye alama za bure. Wanamfanyia mwalimu mizaha, na anapotangaza kwamba tangu leo kutakuwa na sheria, msichana hodari kuliko wote, Rita, anainuka na kutoka nje. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa la namna hiyo anajua kwamba hiyo si mizaha ya sinema. Filamu hii inasemekana kutokana na kazi ya mwalimu mmoja wa kwaya katika shule ya sekondari ya Crenshaw mjini Los Angeles, na mimi naamini, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo mtu asiyefundisha hawezi kuyabuni. Deloris hawapati vijana wake kwa hotuba. Anawapata kwa kuwasikia wakiimba wenyewe kwa wenyewe nje ya darasa, kwa mitindo yao ya mtaani, na kutambua kwamba kazi yake si kuwapa sauti, maana sauti wanazo. Kazi yake ni kuwafanya wasikilizane.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule ambako mwalimu aliyenitangulia alikuwa amepata uhamisho. Alikuwa mwalimu aliyependwa kuliko desturi. Kwa muda wa wiki kadhaa kila nilichofanya kilipimwa kwake: mwalimu yule hakuandika hivi, mwalimu yule alituruhusu kutoka mapema siku ya Ijumaa. Aliwaachia watoto wimbo alioutunga mwenyewe wa kukariri hesabu za kuzidisha, nao waliuimba kila asubuhi kama wimbo wa taifa. Wenzangu wa ofisi ya walimu walinishauri niufute wimbo huo, ili watoto wamsahau aliyeondoka. Sikuufuta. Niliuacha uimbwe kila asubuhi, na tulipofika katika hesabu za sehemu niliutia maneno mapya ya hesabu hizo kwa sauti ileile. Watoto walicheka, wakaimba, wakajua sehemu. Tangu hapo hapakuwa na mashindano kati yangu na mwalimu yule. Kila mmoja wetu alikuwa na somo lake ndani ya wimbo mmoja.

Hivyo ndivyo filamu ya pili inavyofanya inapokumbuka kazi yake. Wanafunzi wanapoimba Oh Happy Day mbele ya shule nzima, wanaimba wimbo ambao maneno yake yana asili katika utenzi wa kanisa wa Uingereza wa karne ya kumi na nane, na ambao Edwin Hawkins, kijana wa Oakland, ng'ambo tu ya ghuba ya San Francisco, aliupa mapigo ya Injili ukavuma dunia nzima mwaka 1969. Sasa unaangukia midomoni mwa kijana Ahmal, aliyechezwa na Ryan Toby. Anaanza kwa woga, sauti ikimtetemeka, Sista anamhimiza aimbe kwa nguvu, na sauti yake inapopanda mpaka juu kabisa hata walimu wanaruka vitini. Sauti ni ya kale, lakini ameimbiwa mtu mpya, naye ni kijana aliyedhani hana la kutoa.

Ninakuja sasa kwenye jambo linaloyagusa maisha yetu ya nyumbani. Rita, msichana yule aliyetoka darasani, anarudi, kwa kuwa hawezi kuikimbia sauti yake. Lakini nyumbani mama yake amemkataza kuimba. Mama huyo, aliyechezwa na Sheryl Lee Ralph, ni mjane. Marehemu mume wake alipoteza maisha yake akiukimbilia umaarufu wa muziki asiupate, na mama amebaki kufanya kazi na kumlea binti. Anataka binti asome vitabu, apate kazi ya mshahara, asife na ndoto kama baba yake. Rita anaghushi sahihi ya mama katika barua ya ruhusa ili aende kwenye shindano la kwaya mjini Los Angeles.

Vijana wanaotazama humwona mama huyo kuwa katili. Mimi namtetea. Katika filamu nzima ya pili yeye ndiye mtu mwenye hoja, kama Mama Mkuu alivyokuwa nayo katika ya kwanza. Nani kati yetu, akina mama wa kambini, hajui hofu yake? Tunajua mshahara unavyogawanywa tarehe ya mwisho wa mwezi. Tunajua wajane walioondoka katika nyumba za serikali wakiwa na watoto na magodoro juu ya lori, na tunajua kwamba kilichowaokoa watoto hao kilikuwa cheti, hakikuwa wimbo. Mama anayemwambia binti yake asome kwanza hamchukii. Anampenda kwa lugha ya hesabu.

Hata hivyo filamu inamwonyesha mama huyo jambo ambalo hesabu haikumwonyesha. Kuna mahali Rita na rafiki yake wanaketi penye piano, bila kwaya, bila makofi, wakaimba His Eye Is on the Sparrow, utenzi wa mwaka 1905 ambao wazazi wengi wa Kikristo wanaufahamu. Pale huoni msichana anayetaka umaarufu. Unaona mtu anayepumua. Deloris naye hamwambii Rita kwamba atakuwa tajiri. Anamzungumzia kitabu cha barua za mshairi Rainer Maria Rilke kwa kijana mmoja, ambamo swali ni kama mtu anaweza kuishi bila kazi yake ya sanaa au hawezi. Mama anapoingia ukumbini siku ya shindano na kumsikia bintiye, haoni mume wake aliyekufa. Anamwona binti, pengine kwa mara ya kwanza, akiwa mtu wa pili mwenye wimbo wake mwenyewe.

Naomba mzazi mwenzangu aliangalie hilo vizuri. Mama huyu alikuwa akifanya katika nyumba yake lile tunalolifanya sisi kwa filamu: alimpima wa pili kwa hesabu za wa kwanza. Alidhani kwamba kwa kuwa baba alianguka, binti naye hana budi kuanguka. Sisi hudhani kwamba kwa kuwa ya kwanza ilisimama, ya pili haina budi kusimama vilevile. Yote mawili ni upimaji usio wa haki.

Kwetu nyumbani jambo hili lilipata mtihani wake. Mwakani binti yetu ataingia darasa la saba, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi haumngoji mtu. Baba yake alitaka aache kwaya mapema. Tulizungumza siku nyingi, bila ugomvi, tukakubaliana kwamba atabaki na mazoezi ya Jumamosi peke yake, na jioni za siku nyingine zitakuwa za vitabu; alama zikishuka muhula mmoja, tutazungumza upya, naye akiwepo. Hakughushi sahihi ya mtu. Barua ya ruhusa ya kwaya ina sahihi mbili, ya baba na ya mama.

Turudi Los Angeles, ambako filamu inafikia kilele chake. Vijana wamevaa majoho ya kwaya, wameyaona makundi mengine yalivyo hodari, wametishika. Mwalimu wao anawaamuru wayavue majoho, waingie na nguo zao za kila siku. Wanaimba Joyful, Joyful, wimbo ambao maneno yake yaliandikwa na Henry van Dyke mwaka 1907 juu ya sauti ya Beethoven, ile ya simfoni yake ya tisa iliyosikika kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1824. Rita anaanza peke yake, polepole, kama utenzi; kisha mapigo ya mtaani yanaingia, vijana wanatongoa maneno kwa kasi ya vijana wa siku zao, na sauti ya Mjerumani wa kale inakuwa yao. Majoho nayo nayatia katika mzani. Katika filamu ya kwanza ushindi ulipatikana kwa kuvaa vazi la wengine. Katika ya pili unapatikana kwa kulivua. Hapo ya pili haiigi ya kwanza, bali inaijibu.

Historia nayo imeongeza uzito wake upande huo. Msichana aliyemcheza Rita alikuwa Lauryn Hill, aliyezaliwa mwaka 1975, wakati huo hajulikani na wengi. Mwaka 1996 yeye na wenzake wa kundi la Fugees walitoa The Score. Mwaka 1998 akatoa sahani yake mwenyewe, The Miseducation of Lauryn Hill, ambayo kati ya nyimbo zake husikika mazungumzo ya darasani, mwalimu na wanafunzi. Mwaka 1999 ilimletea tuzo tano za Grammy kwa usiku mmoja. Wale waliosema mwaka 1993 kwamba filamu hiyo haina jipya walikuwa wamelitazama jipya lenyewe usoni, likiwaimbia.

Basi hukumu yangu ni hii. Kama filamu hizi zingekuwa madaftari mezani pangu, ya kwanza ningeipa alama 85 katika 100, na ya pili ningeipa 60. Baba watoto achukue ushindi wake: kwa ufundi wa hadithi, ya kwanza ni bora, na pengo si dogo. Lakini mwalimu haandiki alama tupu. Huandika na maneno chini yake. Chini ya daftari la pili ningeandika kwamba nusu ya mwanzo imenakiliwa kwa jirani na nusu ya mwisho ni ya mwenyewe, na kwamba huyu ni mwanafunzi wa kuangaliwa. Zaidi ya hayo, kwa nyumba yenye watoto wa shule, daftari lile lenye 60 lina somo ambalo lile lenye 85 halikulifundisha.

Katika kambi zetu wa pili hawaishi kufika. Huja mkuu mpya baada ya yule aliyependwa na askari, huja mwalimu mpya katikati ya muhula, huja mama wa pili katika nyumba yenye picha ya wa kwanza ukutani. Wote hao hukuta wimbo unaoimbwa tayari. Yafaa wasilazimishwe kuuimba kama ulivyoimbwa, wala wasiachwe waufute. Watazamwe wanamwimbia nani.

Na kwa wale ambao hawajaiona filamu hiyo ya pili, au waliizima kwa hasira mara ya kwanza, nina ombi dogo. Chagueni Jumamosi moja jioni, watoto wakiwa wamekwisha kuoga na kula, muitazame pamoja. Saa ya kwanza itawachosha kidogo, vumilieni, msiizime. Mkifika pale wasichana wawili wanapoketi penye piano, waambieni watoto wanyamaze, nanyi mnyamaze.